Usiku Ule Alilala Wapi?

Kazi yangu ni kuhariri hadithi, na miswada mingi inayofika mezani kwangu inamhusu mwanamke anayemwacha mume anayemtesa. Mtiririko wake nimeuzoea. Sura ya tano anapigwa, sura ya sita anafunga virago usiku wa manane, sura ya saba ana biashara, nyumba nzuri na gari, na yule mwanamume amekonda kwa majuto. Mwishoni mwa sura ya sita huwa naandika pembeni: usiku ule alilala wapi?

Waandishi wengine huliona swali hilo dogo. Wananijibu kwamba msomaji anataka kumwona mwanamke akishinda, habari za kitanda alicholalia hazimhusu. Mimi naamini habari yenyewe imo humo. Mwanamke asiye na fedha, aliyezuiwa kuwatembelea ndugu zake, ambaye simu yake inakaguliwa kila jioni, hatoki saa nane usiku akaangukia kwenye uhuru. Kuna mtu alimfungulia mlango. Ni nani? Walijuana vipi ikiwa mume alishafunga njia zote? Na huyo aliyefungua, kesho yake yalimkuta yapi? Mwandishi akiyajibu hayo, sehemu kubwa ya udhaifu wa mswada hupona yenyewe.

Sikuyapata haya kwenye mafunzo ya uhariri. Niliyapata kwa kusoma riwaya na tamthilia pamoja na wanawake wenzangu, wa rika na kazi tofauti, tunaokutana kusoma kwa sauti na kubishana. Baadhi yetu tumewahi kugonga mlango wa mtu usiku. Baadhi tumewahi kugongewa.

Tulipoisoma Nyumba ya Mwanasesere, tamthilia ya Ibsen ya mwaka 1879, nilitarajia mjadala uende kule unakoendaga siku zote: Nora ana haki ya kumwacha mume na watoto, au hana? Kila mtu anakijua kile kishindo cha mlango mwishoni. Lakini kabla ya kutoka, Nora anamwambia mumewe, Torvald, kwamba usiku huo atalala kwa Kristine. Ni maneno machache tu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeyapita mara nyingi macho yakikimbilia kishindo. Mama mmoja, mtu mzima kuliko sote pale, ndiye aliyetusimamisha hapo. Akauliza, “Huyo Kristine ana kwake, au naye amejishikiza kwa watu?”

Tukarudi kurasa za mwanzo kumtafuta Kristine. Ni mjane. Aliolewa na mtu asiyempenda kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa na wadogo zake wawili wa kiume walihitaji kulelewa. Mume akafa bila kumwachia kitu, naye akaishi kwa vibarua vya kila aina hadi mama alipofariki na wadogo wakajitegemea. Anaingia kwenye tamthilia akiwa amechoka, anatafuta kazi. Ndiye anayemkumbusha Nora kwamba mke hawezi kukopa bila idhini ya mume, na ndivyo sheria ilivyokuwa. Na ndiye huyo huyo ambaye, akiwa na uwezo wa kuizuia barua itakayofichua siri ya Nora, ule mkopo aliouchukua bila mumewe kujua, anaamua iachwe ifike, maana ndoa ile haiwezi kuendelea kwa uongo. Kwa hiyo rafiki anayemvunjia Nora nyumba ndiye anayempa mahali pa kulala. Sisi tulikaa na jambo hilo jioni nzima. Wengine walisema Kristine hakuwa na haki. Yule mama alisema kila mwanamke aliyewahi kumsaidia mwenzake kutoka amelaumiwa kwamba ndiye aliyemvunjia ndoa, na kwamba Ibsen alilijua hilo.

Mwaka 1880 huko Ujerumani, mwigizaji mashuhuri alikataa kuigiza mama anayewaacha watoto wake, Ibsen akajikuta analazimika kuandika mwisho mwingine. Humo Torvald anamvuta Nora hadi mlangoni mwa chumba cha watoto, naye anaishiwa nguvu na kubaki. Ibsen mwenyewe aliuita mwisho huo unyama. Katika mwisho ule, safari ya kwa Kristine imefutwa. Wakubwa wa jumba la maonyesho hawakuhitaji kumbadilisha Torvald hata kidogo. Ilitosha Nora asiwe na pa kwenda.

Tangu hapo nikaanza kuusoma udhalimu wa wanaume katika hadithi kwa jicho lingine. Waandishi chipukizi humchora mume katili kama zimwi: macho mekundu, pombe, mkanda mkononi. Wapo wanaume wa namna hiyo, sikatai. Ila waandishi wanaolifahamu jambo hili kwa undani humwonyesha akifanya kazi nyingine kabla ya kipigo, kazi ya kimyakimya ya kumtenga mwanamke na wanawake wenzake. Katika The Color Purple ya Alice Walker, iliyotoka 1982, Albert anampiga mkewe Celie, ndiyo, lakini jambo linalotuchoma zaidi ni barua. Miaka nenda miaka rudi anazificha ndani ya sanduku barua alizoandikiwa Celie na mdogo wake, Nettie, hadi Celie anaanza kuamini mdogo wake amekufa. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, Maksuudi anawafungia ndani mkewe Tamima na binti yao Maimuna, wasionekane na mtu wala wasimwone mtu. Na Maimuna anapofanikiwa kutoka, mkono unaompokea nje una kisasi chake dhidi ya baba. Kwa hiyo riwaya ile inalijibu swali langu kwa namna ya kuogofya, kwamba msichana aliyefungiwa hana njia ya kujua mlango upi ni wa salama. Hajawahi kuwa na rafiki wa kumwonya.

Margaret Atwood, katika The Handmaid's Tale ya 1985, analipeleka jambo hilo hadi ngazi ya dola. Watawala wapya hawaanzi na mavazi mekundu watakayowavika wanawake baadaye. Wanaanza na fedha. Mwanamke anaingia dukani kununua sigara, namba ya akaunti yake inakataa. Siku hiyo hiyo wanawake wote wanaondolewa kazini, na fedha za mke zinahamia kwa mume. Luke, mume wa msimulizi, si mtu mbaya. Anamkumbatia, anamwambia atamtunza. Na mkewe, akiwa kifuani mwake, anahisi kitu ambacho hathubutu kukisema, kwamba labda mwenzake hili halimsumbui sana. Ukurasa huo nimewasomea waandishi wengi wa kiume ninaofanya nao kazi. Nawaambia wakiweza kumwandika Luke, zimwi watalimudu.

Baadaye, wanawake wa riwaya ile wanapolazwa pamoja kwenye ukumbi wa shule chini ya ulinzi, wakikatazwa kuzungumza, wanajifunza kusoma midomo gizani na kunyoosha mikono kutoka kitanda hadi kitanda. Wanapeana majina yao. Wanaowalinda, wakiwa na virungu vya umeme, ni wanawake pia.

Hapo ndipo pagumu, na ndipo miswada mingi inapokwepa. Jumuiya ya wanawake katika hadithi hizo huwa mahali pa machozi na kukumbatiana. Hakuna aliyemchongea mwenzake, hakuna aliyemrudisha. Alice Walker hakukwepa. Harpo, mtoto wa kambo wa Celie, anataka mkewe Sofia awe mtiifu, anakuja kuuliza afanye nini. Celie, aliyepigwa maisha yake yote, anamwambia ampige. Sofia si wa kupigwa akanyamaza, na Harpo ndiye anayebaki na macho yaliyovimba. Lakini Celie anakosa usingizi. Kisha Sofia anakuja amebeba mapazia na uzi aliokuwa amepewa na Celie, anavirudisha, anamuuliza kwa nini. Celie anajibu ukweli: alisema kwa wivu, kwa sababu Sofia anaweza kupigana na yeye hawezi. Sofia anamsimulia jinsi alivyopigana tangu utotoni, na baba, na kaka, na binamu. Wanazungumza hadi wanacheka. Wanayachukua yale mapazia yaliyoharibika na kuanza kuyashona kuwa blanketi la viraka.

Siku tuliyosoma hapo, mwanamke mmoja aliyekuwa mkimya kwa kawaida alisema kwamba yeye ndiye aliyempigia simu kaka yake kumjulisha wifi yake alikokimbilia. Aliamini anaokoa ndoa. Hakuna aliyemkemea. Alichotaka kujua ni jambo moja: Sofia alimsamehe Celie siku ile ile, au ilichukua muda? Tukarudi kusoma tena, polepole, tukitafuta mstari wenye neno la msamaha. Haupo. Kuna mapazia na sindano, na kazi ya kufanya pamoja. Sijui mhakiki yeyote aliyenifundisha kuisoma sehemu ile vizuri kuliko yule dada.

Penina Muhando naye, katika tamthilia yake Nguzo Mama ya mwaka 1982, anawaleta jukwaani wanawake wa kijiji cha Patata wanaojaribu kuisimamisha nguzo. Nguzo haisimami. Kila mmoja ana dhiki zake, ana watoto, ana mume, ana ugomvi na mwenzake, na nguvu haziji kwa pamoja. Nimesikia watu wakiilalamikia tamthilia hiyo kwamba inawakatisha wanawake tamaa. Mimi naipenda kwa sababu inaheshimu uzito wa nguzo.

Nchi za kubuni wanazoishi wanawake peke yao zinanivutia kidogo kuliko nilivyodhani zitanivutia. Herland ya Charlotte Perkins Gilman, ya mwaka 1915, ina mambo makubwa: wanaume watatu wanafika kwenye nchi isiyo na wanaume kwa miaka elfu mbili, na mmoja wao, Terry, anafukuzwa kwa kujaribu kumwingilia mkewe kwa nguvu. Kulitaja jambo hilo kuwa kosa hata ndani ya ndoa, kwa wakati ule, kulihitaji ujasiri. Lakini wanawake wa nchi ile hawagombani kabisa, na mtu asiyegombana sijui nimfanyie nini katika hadithi. Pia Gilman aliamini mambo ya kuboresha kizazi na ya ubora wa rangi, na yamo humo, hayafai kufumbiwa macho.

Namkubali zaidi Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke wa Bengali aliyeandika Sultana's Dream mwaka 1905. Katika nchi yake ya ndotoni wanaume ndio wanaokaa ndani, na wanawake wanaendesha mji kwa sayansi. Watu hupenda kuieleza hadithi hiyo kwa upande wa kisasi. Mimi huwa naenda jikoni. Rokeya anatuonyesha jiko lisilo na moshi wala makaa, linalopika kwa joto la jua, na kazi za ofisini zinazoisha kwa saa mbili kwa kuwa hakuna anayepoteza siku akivuta tumbaku. Alijua uhuru wa mwanamke unagusa mapafu yake na muda wake. Miaka michache baadaye, mwaka 1911, akafungua shule ya wasichana Calcutta, akapita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wazazi wawatoe mabinti.

Kitabu ambacho kimenifundisha zaidi ni Paradise cha Toni Morrison. Nje ya mji wa Ruby, Oklahoma, mji uliojengwa na watu weusi waliokataliwa kila walikokwenda, kuna jumba kubwa lililowahi kuwa shule ya watawa. Wanawake wanafika pale mmoja mmoja bila kupanga. Mavis amemkimbia mume baada ya watoto wake wachanga mapacha kufa ndani ya gari. Wengine wanafuata, kila mmoja na lake. Hakuna anayewaalika, hakuna anayewauliza watakaa hadi lini. Mavis na Gigi wanachukiana na kupigana ngumi. Consolata, aliyewatangulia, anakunywa pombe peke yake kwenye chumba cha chini. Wanalima pilipili na kuuza. Kuna vyombo vichafu, kuna watu wanaoondoka na kurudi. Hiyo ndiyo jumuiya ninayoifahamu.

Wanawake wa Ruby, wenye waume na heshima zao, wanaijua njia ya kwenda pale. Mkunga wa mji, Lone, amewaona kwa miaka mingi wakitembea kwa miguu kati ya mji na jumba lile, wakilia, wakijisemesha, wakirudi. Wanaume hawakuwahi kuitembea njia ile. Walipita kwa gari. Na wanaume walipokaa kikao kutafuta chanzo cha mikosi ya mji wao, walilinyooshea kidole jumba. Mwaka 1976, alfajiri, wanakwenda na bunduki.

Niliwahi kuulizwa na mwandishi mmoja kijana kwa nini wanaume wale wachukie wanawake wasiowadai kitu. Nilimjibu kama nilivyoelewa mimi: jumba lile lilimpa kila mke wa Ruby mahali pa kwenda. Hata yule ambaye hakuwahi kwenda alijua lipo. Mume anayetawala kwa kufunga njia hawezi kulala akijua kuna nyumba moja isiyofungwa, maili kumi na saba tu kutoka kwake.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, ingawa miswada mingi huanguka hapo. Virginia Woolf aliposema mwaka 1929 kwamba mwanamke anayetaka kuandika anahitaji pauni mia tano kwa mwaka na chumba chake, watu walikariri pauni na chumba. Msimulizi wake alizipata pauni hizo kwa urithi wa shangazi. Na Elizabeth Gaskell, katika Cranford ya mwaka 1853, anaeleza jinsi benki inavyofilisika na Miss Matty, mwanamke mzee asiye na mume, kubaki karibu mikono mitupu. Rafiki zake, ambao nao hawana kitu, wanakutana kwa siri. Kila mmoja anaandika kiasi atakachotoa kila mwaka, anakifunga asikione mwenzake, na fedha zinapitishwa kwa mtu mwingine ili Miss Matty asijue kamwe. Kwenye mkutano ule wanaona haya kuliko mtu anayeomba. Sijasoma maelezo bora ya kumchangia mtu bila kumvunjia heshima.

Upande wa pili yupo Nnu Ego wa Buchi Emecheta, katika The Joys of Motherhood ya 1979. Ameweka kila kitu kwa wana wake wa kiume. Wazee wa ukoo wanapomwambia mke mwenzake, Adaku, kwamba asiye na mtoto wa kiume hana neno, ugomvi uliowafikisha pale ulitokana na Nnu Ego mwenyewe kumdharau mgeni wa Adaku. Adaku anaondoka, anawapeleka mabinti zake shule. Nnu Ego anakufa kando ya barabara, bila mtoto wala rafiki wa kumshika mkono, kisha anafanyiwa maziko ya fahari. Tulipomaliza riwaya ile hatukuwa na mjadala. Watu walitoa simu zao wakaanza kuwapigia wenzao waliopotezana nao.

Mwaka huo huo wa 1979 Mariama Bâ alitoa Barua Ndefu Kama Hii. Modou anapomwoa rafiki wa binti yake mwenyewe na kuitelekeza familia, mkewe Ramatoulaye anabaki akipanda mabasi na watoto wake. Aissatou, rafiki yake tangu utotoni, aliyekwisha kumwacha mume kwa sababu kama hiyo na kujiendeleza hadi kuwa mkalimani ubalozini, anamnunulia gari. Gari jipya kabisa. Ramatoulaye anaogopa kuendesha, anajifunza, anaendesha. Wanawake hawa wawili walichagua njia tofauti, mmoja alitoka na mwingine akabaki, na hakuna anayemhukumu mwenzake kwa hilo. Natamani miswada inayonifikia ijue kwamba anayebaki naye anahitaji rafiki, tena huenda kuliko anayetoka.

Kuna suala moja ambalo kundi letu halijaafikiana, nalo ni la Albert. Mwishoni mwa The Color Purple, baada ya Celie kuondoka na Shug, mwimbaji anayempenda, kwenda Memphis, akaishi nyumbani kwa Shug na kufanya ushonaji wa suruali kuwa biashara yake, Albert anabadilika. Anajifunza kufanya usafi, kupika, anakaa kibarazani na Celie, yeye Albert akishona mashati ya kuvaliwa pamoja na zile suruali. Wenzangu kadhaa wanakereka. Wanasema aliyeficha barua miaka yote hiyo hastahili kiti kwenye kibaraza kile, na kwamba mwandishi amemsamehe kwa niaba yetu bila kutuuliza. Wengine wanasema mwanamume anayeweza kujifunza sindano uzeeni ni wa lazima kwenye hadithi, la sivyo vijana wa kiume wanaosoma watakosa pa kuanzia. Mimi namfuata Celie. Albert anapomwomba waoane tena, safari hii kwa moyo, anamkatalia na kumwambia wabaki marafiki. Maongezi anayakubali, mashati anayapokea. Ndoa hairudii, na kitambaa cha suruali anaendelea kukikata yeye.